Transfoma Isiyokuwa Kitabuni

Imetangazwa rasmi, na aliyetangaza ni mkuu mwenyewe wa Kampuni ya stima, ukanda wa magharibi wa Nairobi, akiwa amevaa suti na kusimama nyuma ya maikrofoni tatu, kwamba kuanzia mwezi huu wa Julai, mwaka wa elfu mbili na saba, hakuna hitilafu ya stima itakayokaa zaidi ya saa sita bila kushughulikiwa, iwe ni Spring Valley au Kinoo, kwa mwenye bwawa la kuogelea au kwa mwenye balbu moja. Kwamba kila transfoma ya ukanda huo sasa imo ndani ya kompyuta. Na kwamba tangu leo Kampuni inamjua kila mteja wake na mahali alipo. Baada ya maneno hayo waliohudhuria walipewa soda na keki.

Zedekiah Ndegwa alilisikia tangazo hilo redioni, jikoni kwake, bondeni Kinoo, akichemsha chai ya mtu mmoja. Hakucheka. Alikuwa na sababu mbili za kutaka liwe kweli. Ya kwanza ni kwamba karibu yote yaliyokuwa ndani ya kompyuta hiyo yalikuwa yametoka kichwani mwake. Ya pili ilikuwa katika chumba kilichokuwa cha binti yake Ciru: sanduku la mbao lenye balbu nane, feni ndogo, kipimajoto na mayai mia mbili sitini na manne. Mayai hayo yalitaka joto la nyuzi thelathini na saba na nusu kwa siku ishirini na moja mfululizo, bila mapumziko. Siku hiyo ilikuwa ya tatu. Mtu mwenye mayai kwenye mashine huwa mwepesi wa kuamini matangazo.

Kwa miaka ishirini na mitatu Zedekiah alikuwa mpokea simu za hitilafu. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya nne, katikati ya mji, na dirisha lake lilitazama ukuta wa jengo lingine kwa karibu sana, kiasi kwamba mvua ikinyesha alijua kwa sauti tu. Mezani palikuwa na simu, redio ya kuongea na magari ya mafundi, na kitabu kikubwa chenye jalada gumu. Mtu akipiga kusema stima imepotea, Zedekiah aliuliza neno moja tu: "Wapi?" Kisha alinyamaza, kwa sababu wakazi wa magharibi ya Nairobi hawana anwani, wana maelezo. Ukipita geti nyeusi. Pale kulikuwa na mti lakini waliukata. Kuna askari wa geti, lakini usimuulize, huwa amelala.

Kutokana na maelezo hayo alizipa transfoma majina. Utaratibu ulikuwa wake mwenyewe, na hakuna mkubwa aliyewahi kuupitisha: transfoma ilichukua jina la mtu wa kwanza kuripoti kwamba imezima, au jambo la kwanza alilosema. Spring Valley palikuwa na Kwa Mbwa Watatu, Kwa Balozi Aliyehama, na Kwa Askari Anayelala. Kinoo palikuwa na Kwa Fundi Viatu na Kwa Kanyiva. Zedekiah aliandika jina kitabuni, akalitamka redioni, na gari likaenda moja kwa moja. Mbwa walikufa, fundi viatu akahamia Limuru, majina yakabaki. Watu hao hawakuwahi kujua kwamba walikuwa na transfoma.

Wengine aliwajua kwa sauti. Bi Zainab, mjane wa mwenye duka la vitambaa, aliyeishi peke yake Spring Valley katika nyumba ya vyumba saba, alipiga simu hata siku ambazo stima ilikuwepo, kuuliza kama itapotea.

"Leo haipotei, Bi Zainab."

"Una hakika, mwanangu?"

"Sina. Lakini haipotei."

"Haya. Nilitaka kusikia tu."

Walizungumza hivyo miaka kumi na moja. Hawakuwahi kuonana, na Zedekiah hakuona sababu ya kuonana. Alimwandika kitabuni kama simu isiyo na hitilafu, safu ya mwisho, ambayo kwa desturi huachwa wazi.

Nyumbani hakukuwa na simu nyingi za namna hiyo. Mkewe, Wamucii, alikuwa amekwenda Marekani mwaka wa elfu mbili na tano kumsaidia Ciru kulea mtoto, kwa miezi sita. Kisha akazaliwa wa pili. Wa tatu alikuwa njiani. Kila mtoto alitokea wakati tiketi ya kurudi inakaribia kuisha muda, na Zedekiah, ambaye alikuwa mtu wa haki, alikubali kwamba hilo si kosa la watoto. Wamucii alipiga kila Jumapili akitoka kanisani kule, wakati huku Kinoo giza linaingia.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Chakula."

Baada ya hapo walizungumza habari za hali ya hewa ya pande zote mbili, mpaka kadi iishe.

Mageuzi yalikuja mwaka uliotangulia tangazo lile. Wataalamu waliokodiwa walipita kila ofisi, wakafika ghorofa ya nne, wakakitazama kile kitabu kama daktari anavyotazama jino. Wakaandika kwamba ujuzi wa ukanda mzima umewekwa ndani ya mtu mmoja, na kwamba hiyo ni hatari. Zedekiah alipousoma waraka huo aliona umemsifu. Alipousoma mara ya pili alielewa.

Akaletwa Janice, mtaalamu wa kompyuta, mwanamke mpole aliyekuja na chai yake kwenye chupa. Walikaa siku tisa. Zedekiah alifungua kitabu, akataja jina, akaeleza transfoma iko wapi na inalisha nyumba zipi, Janice akaandika.

"Mzee, hii ya 'Kwa Askari Anayelala', niandike hivyo hivyo?"

"Andika hivyo. Mafundi wanaijua."

"Na akiamka?"

"Alishakufa."

Janice akaandika. Siku ya tisa walifika ukurasa wa mwisho, transfoma ya mia tatu na kumi na saba.

"Zimeisha?"

"Zimeisha," akasema Zedekiah, na kwa mujibu wa kitabu hakusema uongo.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata alipewa barua ya kustaafu mapema kwa hiari, ambayo hiari yake ilikuwa imeshasainiwa na mtu mwingine. Wenzake walimnunulia saa ya ukutani. Ilikuwa ya betri. Walisema ni kwa ajili ya uhakika.

Kinoo hakuna aliyemchukulia kuwa amestaafu. Bondeni kule kulikuwa na nyumba chache: yake, ploti mbili za wapangaji, kanisa la Jumapili kwa Jumapili, na pampu ya maji ya kikundi cha wakulima ambacho kilikuwa kimeshagombana. Wote walilishwa na transfoma moja ndogo kwenye nguzo, ukingoni mwa shamba la sukumawiki. Stima ikipotea, watu wa bondeni hawakupiga simu. Walitoka nje, wakatazama nyumba ya Zedekiah. Wakiona ametoka naye, walirudi ndani wakawasha mishumaa, wakijua shughuli imeanza. "Mzee wa Stima yuko," walisema. Kwa miaka kumi na tisa hilo lilitosha.

Aliponunua mayai, alisema anataka biashara ya kuku. Kanyiva, mwenye duka la maziwa na mkate huko juu barabarani, alimuuliza mbona asinunue vifaranga tayari, mjini Kikuyu wanauzwa tele. Zedekiah akasema anataka kuwaona wakitoka. Kanyiva, mjane aliyezoea kuuza vitu vya kutosha mtu mmoja mmoja, hakuuliza tena.

Siku ya kumi na tatu ya mayai ilikuwa Jumatatu, ya ukungu na manyunyu, baridi ile ya Julai ambayo Kinoo huichukua kama jambo la kibinafsi. Saa nane mchana ile feni ndogo ilinyamaza. Zedekiah alikuwa jikoni. Alisikia ukimya kabla ya kuona giza. Akatoka mpaka kwenye nguzo, akatazama juu. Fyuzi ya transfoma ilikuwa imekatika. Kishikio chake kilining'inia upande mmoja, wazi kabisa, kwa mtu aliyejua cha kutazama. Kazi ya ufito mmoja mrefu na dakika kumi. Nyuma yake wapangaji wanne walikuwa wametoka. Walipomwona wakarudi ndani.

Alipiga ile namba aliyoipokea kwa miaka ishirini na mitatu. Ulichezwa muziki. Kisha sauti ya msichana, changamfu, ikasema:

"Habari ya mchana, asante kwa kupigia Kampuni, jina langu ni Phoebe, nikusaidie aje?"

"Phoebe, mimi ni Ndegwa, Kinoo, huku chini bondeni. Fyuzi ya transfoma imeruka. Nimeiona kwa macho, inaning'inia. Tumeni gari, ni kazi ya dakika kumi."

"Pole sana kwa usumbufu, mzee. Transfoma yenu inaitwaje?"

Zedekiah aliyapitia kichwani majina yote aliyoyatoa, na la nguzo hii halikuwemo.

"Haina jina," akasema.

"Zote ziko na jina, mzee. Naona hapa kuna 'Kwa Kanyiva'. Si ni hiyo?"

"Hiyo iko juu. Mimi niko chini."

"Kwa Kanyiva stima iko. Hapa kwangu inaonyesha kijani."

"Najua iko. Naiona kutoka hapa."

"Sasa mzee, kama unaiona, si iko?"

Alimpa namba yake ya akaunti, ile ya kwenye bili. Phoebe akamweleza bila haraka kwamba akaunti ni mambo ya watu wa bili, na watu wa bili wako jengo lingine. Wao wa hitilafu wanaangalia transfoma, na bila transfoma hawezi kutoa namba ya kazi, na bila namba ya kazi gari haliondoki. Alimtakia mchana mwema. Alikuwa ametumia dakika tatu kamili, ambazo ndizo alizoruhusiwa.

Zedekiah aliwasha jiko la makaa, akaliweka katikati ya chumba cha Ciru. Akajaza maji moto kwenye chupa za soda, akazipanga chini ya trei, akalifunika sanduku kwa blanketi la Wamucii, lile zito. Kipimajoto kilipanda mpaka thelathini na tatu kikagoma. Akifungua dirisha moshi utoke, kilishuka. Akilifunga, yeye ndiye aliyeanza kuumwa kichwa. Kulihamisha sanduku mpaka kwa Kanyiva, kwenye stima, hakukuwezekana: seremala alikuwa ameliundia mle mle chumbani, na ni baada ya kulipigilia msumari wa mwisho ndipo wote wawili walipouangalia mlango. Jenereta ya kanisa ilikuwa imeazimwa harusi ya Uthiru na haikuwa imerudi, ingawa maharusi walikuwa wamesharudi.

Jumanne alimwachia mpangaji mmoja kazi ya kubadilisha chupa, akashuka mjini. Ghorofa ya nne, chumba chake kilikuwa sasa chumba cha mikutano. Kilikuwa kimewekwa pazia ili wahusika wasiutazame ule ukuta. Akaelekezwa chini, kaunta ya huduma, akasubiri nyuma ya watu thelathini, mpaka akafika mbele ya karani mmoja aitwaye Aqil, kijana wa Mombasa mwenye adabu zake zote.

"Shikamoo mzee wangu. Karibu."

"Marahaba. Nina transfoma imezima tangu jana, na haimo kwenye kompyuta yenu."

Aqil alibofya, akasoma, akabofya tena. Alitafuta Kinoo yote, akaigeuza skrini ili Zedekiah aone mwenyewe. Nyumba za juu zilikuwepo. Bonde lilikuwa jeupe.

"Kwa mujibu wa sistemu, mzee wangu, kwako hakujawahi kufika stima."

"Nimekaa nayo miaka kumi na tisa."

"Basi hilo ni jambo jingine, na mimi kama mwanao nakushauri usilitaje kwa sauti." Akamsogezea fomu. "Hii ni ya kuomba kuunganishiwa kwa mara ya kwanza. Miezi mitatu, minne. Wakija wakikuta tayari ipo, mtazungumza nao."

Zedekiah aliitazama fomu.

"Hayo majina yote," akasema, "Kwa Mbwa Watatu, Kwa Balozi, yote hayo, ni mimi niliyeyaandika."

"Wallahi? Hayo majina tunayapenda sana hapa." Aqil alimtazama kwa heshima mpya. Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Sasa mzee wangu, mbona hukujiandika?"

Hilo ndilo swali, na jibu lake halikuwa na nafasi kwenye fomu. Kwa miaka yote ile, stima ikipotea kwake, Zedekiah hakuiandika kitabuni. Aliona aibu. Mtu wa hitilafu kuandika nyumba yake kwenye kitabu cha Kampuni kungeonekana kama anajipendelea, anajitumia gari mwenyewe. Badala yake alingoja asubuhi, akamwambia Isaiah, kiongozi wa mafundi, wakinywa chai uani: "Ukipita Kinoo, nitazamie pale kwangu." Isaiah alipita, akatazamia. Jambo halikuandikwa popote. Janice alipomuuliza kama zimeisha, alikuwa ametazama kitabu, na kitabuni hakukuwa na mtu wa bondeni aliyewahi kulalamika, kwa kuwa wote walimwachia yeye. Alikuwa amewataja watu wa magharibi yote ya Nairobi, walio hai na waliokufa, akamsahau mmoja.

Aliikunja fomu, akaitia mfukoni, akarudi nyumbani kubadilisha chupa.

Jumatano mchana alimfuata Isaiah Kenyatta Market, mahali ambapo Isaiah alikula nyama kila Jumatano tangu enzi za kitabu. Alimkuta mbele ya ubao wa nyama choma, katikati ya saluni za kusuka nywele, ovaroli imefunguliwa mpaka kiunoni, mikono ina chumvi.

"Baba Ciru! Ulikufa ama ulistaafu?"

"Nilistaafu."

"Ni kama hiyo tu. Kaa, kula. Hawa watu wa saluni wamesema hii mbuzi ilikuwa inasoma chuo kikuu, angalia vile iko laini."

Zedekiah alikula kipande kimoja, akamweleza. Isaiah alisikiliza akitafuna polepole zaidi, mpaka akaacha.

"Mzee, ningekuja sasa hivi. Unajua ningekuja."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Lakini wameweka kitu kwenye gari. Kadude, chini ya usukani. Inawaambia niko wapi. Mwezi jana Haron alipita kwake Kangemi akachukue sweta, sweta tu, akaandikiwa barua. Bila namba ya kazi siwezi kukanyaga Kinoo." Akajifuta mikono. "Hiyo fyuzi imeruka upande gani?"

"Wa barabara."

"Dakika tano."

"Nilisema kumi."

"Ulikuwa unasema kumi kila siku. Ni tano." Isaiah alitazama pembeni, ambako mwanamke alikuwa anasukwa nywele huku amelala kabisa. "Hayo mayai ni siku ya ngapi?"

"Kumi na tano."

"Yanaweza kungoja?"

"Hapana."

Kisha Isaiah akasema, kama mtu anayezungumzia nyama, "Kadude haijui kutofautisha vitu vimekaribiana sana. Haron aliangalia. Ukiwa ndani ya mita mia tano, inaona uko hapo tu."

Kutoka transfoma ya Kanyiva mpaka ile ya bondeni ni mita mia nne.

Alhamisi asubuhi Zedekiah alipanda kwa Kanyiva na kumkuta akipanga pakiti za maziwa kwenye friji.

"Mama, nataka kupiga simu niseme stima yako imepotea."

Kanyiva alitazama friji. Ilikuwa inanguruma.

"Lakini iko."

"Najua iko."

"Baba Ciru, wewe ni mtu wa kanisa. Na wakija wazime hii yangu ndio ionekane imepotea? Niko na maziwa."

"Isaiah ndiye atakayekuja. Hataigusa."

"Kusema tu kitu imepotea, si utaiita ipotee?" Alifunga mlango wa friji kwa uangalifu, kama isisikie. Kisha akamtazama Zedekiah, akaona macho mekundu kwa moshi, masizi kwenye kola. "Hujalala tangu lini?"

"Jumatatu."

"Wewe piga. Lakini nipiganie maziwa yangu. Na vifaranga wakitoka unanipa mmoja, jike."

Katika miaka ishirini na mitatu Zedekiah hakuwa ameandika mstari mmoja wa uongo katika kile kitabu. Mara moja tu alikuwa ameandika 'saa tatu' badala ya 'saa tatu na robo', akarudi siku iliyofuata akasahihisha na kuweka sahihi pembeni. Alisimama nje ya duka, chini ya manyunyu, simu mkononi, kwa muda ambao Kanyiva aliwauzia watu watatu mkate. Kisha akabonyeza.

Ulichezwa muziki.

"Habari ya asubuhi, asante kwa kupigia Kampuni, jina langu ni Phoebe, nikusaidie aje?"

"Stima imepotea," akasema Zedekiah.

"Pole sana kwa usumbufu. Ni transfoma gani?"

"Kwa Kanyiva."

"Kinoo. Asante, nimeiona." Vidole vyake vilisikika vikigonga. "Tangu saa ngapi?"

Alitazama saa. "Tangu sasa."

"Basi namba yako ya kazi iko tayari, utapata fundi ndani ya masaa sita. Naweza kukusaidia na jambo lingine?"

Zedekiah alifikiri. Kwa upande ule wa simu aliwahi kukaa yeye, na hakuwahi kumuuliza mtu swali hilo.

"Hapana," akasema. "Nilitaka hilo tu."

Gari la Isaiah lilifika saa sita kasorobo. Liliegeshwa barabarani mbele ya duka, mahali ambapo kile kidude kingeliona vizuri, na Isaiah akateremka bondeni kwa miguu, ufito mrefu begani, Zedekiah nyuma yake. Wapangaji walitoka nje. Ilikuwa kazi ya dakika sita. Isaiah alisema ingekuwa tano kama si matope ya sukumawiki. Feni ilipoanza kuzunguka chumbani kwa Ciru, ilisikika mpaka uani, au Zedekiah alidhani imesikika. Isaiah hakukaa kunywa chai. Namba ya kazi ilikuwa na muda wake.

Alasiri Zedekiah alifunga pazia la chumba, akayashika mayai moja baada ya jingine mbele ya tochi. Yai hai la siku ya kumi na sita huonyesha mishipa myekundu na kivuli kinachojisogeza. Lililokufa huwa kimya, maji yakicheza upande mmoja. Alianza saa nane akamaliza karibu na magharibi. Mia mbili na thelathini yalikuwa kimya. Yaliyobaki aliyarudisha kwenye trei, akayasogeza karibu karibu katikati ya sanduku, ambalo sasa lilikuwa kubwa kupita kiasi.

Jumapili Wamucii alipiga.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Na kuku?"

"Bado."

"Si ulisema mia mbili na ngapi?"

"Nilisema mayai."

Kwenye simu za mbali mtu husikia pumzi yake ikirudi, na Zedekiah akaisikia yake. Nyuma ya Wamucii mtoto alikuwa analia kwa Kiingereza. "Mtoto wa tatu amekuja Ijumaa," akasema. "Ni msichana." Zedekiah akasema ni vizuri, na kule hali ya hewa ikoje.

Vifaranga walichelewa siku mbili, kwa sababu ya baridi. Walitoka Alhamisi, tangu alfajiri mpaka saa kumi. Zedekiah aliketi kwenye kiti mbele ya sanduku, akawaona wote wakitoka, jinsi alivyokuwa amesema anataka. Walikuwa kumi na tisa. Walipiga kelele ambayo nyumba ile haikuwa imesikia kwa miaka miwili, na mara mbili alitoka nje ahakikishe kwamba inasikika na huko.

Ijumaa Kanyiva alishuka kuchukua wake. Alimchagua kwa muda mrefu, akamgeuza, akampuliza manyoya, akaridhika kuwa ni jike, jambo ambalo kwa umri ule hakuna anayelijua. Kisha akakumbuka.

"Hata wamenipigia simu."

"Nani?"

"Watu wako wa stima. Msichana mmoja mzuri sana, sijui walipata wapi namba yangu. Anasema mimi ndio transfoma. Ameniomba msamaha kwa ile siku, kwamba nilikaa bila stima masaa mawili na dakika hamsini."

"Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Nimemwambia nimesamehe. Akafurahi, akasema ataandika mteja ameridhika."

Alimtia kifaranga ndani ya sweta, akapanda zake kwenda kufungua duka. Stima ya Kanyiva ilikuwa haijapotea tangu Pasaka.